Dumu la Kumi na Tisa

Ukipiga simu zimamoto huku pazia linaungua, sauti yako hurekodiwa. Kwenye kituo chetu ilikuwa inakaa siku tisini katika chumba kisicho na dirisha chini ya ngazi, mikononi mwa mzee mwenye goti bovu. Siku ya tisini na moja mzee hakujui. Ulilia, ulitukana, ulimwita mama yako, yote yanamwagwa na sauti ya mwingine inaingia palepale.

Tulimwita Madumu. Alikuwa mshika bomba kwa miaka kumi na tisa, mpaka paa la kiwanda cha sabuni lilipomwangukia gotini. Mkuu wa kituo hakujua amweke wapi mtu asiyeweza kupanda ngazi, akamuuliza kama anajua kompyuta. Akajibu, "Najua kuiwasha." Kwa kituo chetu hiyo ilikuwa shahada. Akakabidhiwa seva, diski moja kubwa, na programu ya kuhifadhi nakala ambayo aliyeifunga alikwishaondoka bila kuaga. Mzee akachapa kitabu chake cha maelekezo, kurasa mia nne, akakisoma na kamusi pembeni kama mtu anayesoma barua ya mahakama.

Lakini alikielewa kwa lugha ya kwao, lugha ya maji. Siku yangu ya kwanza kwenye chumba cha simu alinishusha kule chini akanionyesha skrini.

"Binti, haya ni madumu. Yako thelathini na mawili. Kila siku saa sita mchana programu inachota simu zote kwenye mashine ya kurekodi na kuzimimina kwenye dumu. Dumu moja linajaa kwa siku tatu hivi. Likijaa linafungwa, linakaa siku tisini, halafu linamwagwa na kujazwa upya. Hivyo hivyo, mviringo."

"Na hii orodha ndefu?"

"Daftari. Linasema nini kimo kwenye dumu gani. Siku zikiisha, programu inafuta kwanza daftarini. Maji bado yamo, ila hakuna anayejua yamo. Zamu ya dumu ikifika ndipo linamwagwa kweli. Kati ya kufutwa daftarini na kumwagwa, hapo anajua Mungu na programu."

Nilicheka. Stashahada yangu ilikatikia njiani, ndiyo maana kituo kizima kinaniita Nusu, lakini hata nusu hiyo haikuwahi kunifundisha kitu kikaeleweka kwa muda mfupi hivyo.

Kwake nilifika mara moja kumpelekea dawa ya goti. Sikupata pa kukaa. Kulikuwa na ndoo ya vifuniko visivyo na chupa, feni tatu zisizo na mapanga, na viatu vya mtoto wake wa kwanza, ambaye sasa ana ndevu. Mkewe, fundi cherehani, alisogeza redio mfu kwa mguu ili nipate kiti.

"Huyu mume wangu simwelewi," akasema. "Kule anafuta, huku anafuga."

Kule kazini mzee alishawahi kufuga, na alilipia. Mwaka fulani aliona huruma kumwaga madumu mawili, diski ikajaa, mashine ya kurekodi ikawa bubu siku mbili nzima. Akapewa barua ya onyo. Akarudia, akapewa ya pili. Kwenye kituo chetu barua ya tatu haina maelezo mengi, inakuonyesha geti. Tangu hapo akawa hana huruma. Zikiisha siku zako, zimeisha, hata kama ulikuwa unaomba maji.

Sasa nikupeleke kwa Mama Pole.

Mama Pole ndiye mpokea simu wa siku nyingi kuliko sisi wote. Kila anayepiga humwambia kwanza "pole," ndipo anamuuliza yuko wapi. Tunamtania kwamba siku ya kiyama atampa pole malaika kwa kazi nyingi. Alfajiri moja akapigiwa na mlinzi wa karakana ya magodoro: moto. Magodoro hayaungui, yanalipuka. Gari la zimamoto lilifika limechelewa dakika kumi na moja, na mlinzi, aliyejaribu kufungua geti la chuma kwa mikono mitupu, aliungua mikono yote miwili.

Dereva wa zamu, tunayemwita Spidi kwa kejeli anayoichukua kama sifa, aliandika taarifa kwamba hakupigiwa simu ndani ya gereji mpaka dakika ya kumi na moja. Mama Pole, alisema, alikuwa bado anatoa pole. Mama Pole akasema alipiga gereji mara tatu mfululizo na hakuna aliyepokea mpaka dakika hiyo. Neno la mmoja dhidi ya neno la mwingine. Spidi ana mdomo. Mama Pole ana watoto wanne na aibu ya kupita mtaa anaokaa yule mlinzi.

Simu ya ndani kwenda gereji nayo hurekodiwa. Kwa hiyo ukweli ulikuwepo, umelala kwenye dumu la kumi na tisa, unasubiri kamati ya uchunguzi. Na kamati zetu hutembea kwa magoti. Ilichukua miezi mitatu kupangiwa siku.

Ijumaa mkuu alitangaza kwamba kikao ni Jumatatu saa nane mchana, na akaamuru kuanzia sasa rekodi zitunzwe siku mia na themanini. Alasiri ile Mama Pole alishuka chini ya ngazi. Nilikuwepo, nimekwenda kuomba chaja.

"Mzee mwenzangu, sauti yangu ipo?"

"Ipo."

"Si uitoe tu sasa hivi uniwekee pembeni?"

"Bila barua ya kamati yenye muhuri? Nikiitoa bila barua, Spidi atasema tumeipika mimi na wewe." Akageuza skrini amwonyeshe. "Tazama. Ilikuwa tisini, nimeweka mia na themanini. Sauti yako itakaa mpaka uichoke."

"Na madumu yakiisha?"

"Lazima yaishe. Jumatatu saa sita programu itatafuta dumu la kumwaga, itakosa, italia. Nimeshaandika maombi ya diski mpya, yako hapa. Ikilia tu, napanda nayo kwa mkuu."

Mama Pole akashusha pumzi. Mzee alikuwa na sura ya mtu aliyefunga mlango kwa kufuli mbili. Kumbe dirisha liko wazi.

Jumatatu barua ya kamati ilitoka saa tatu asubuhi. Ilipofika mapokezi ikakosa muhuri, kwa sababu muhuri huning'inia shingoni mwa dada wa mapokezi, na shingo hiyo ilikuwa imekwenda kunywa chai. Ile chai ilinywewa kwa zaidi ya saa mbili. Saa tano na nusu nikaidaka barua na kushuka nayo mbio.

"Dakika tano tu," akasema Madumu. Akaandika tarehe, akaandika saa, akabonyeza.

Programu ikajibu: hakuna faili.

Akaandika tena, polepole, kama mtu anayemrudia kiziwi. Hakuna faili. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Hakuna.

"Umekosea tarehe, mzee," nikasema.

"Tarehe hii siwezi kuikosea."

Akaomba orodha ya madumu yote. Ikashuka kwenye skrini: namba ya dumu, siku lilipofungwa, na safu ya mwisho, muda wa kutunza. Nilimwona anaifuata safu ile kwa kidole. Tisini. Tisini. Tisini. Tisini. Kidole kikasimama kwenye kumi na tisa. Tisini, na muda umepita tangu juzi.

"Si uliweka mia na themanini?"

Alivuta kile kitabu chake kutoka chini ya meza, akafungua ukurasa ulioliwa na mende pembeni, akanionyesha. Kulikuwa na sentensi moja imepigiwa mstari wa penseli, na kando yake neno MUHIMU kwa mwandiko wake mwenyewe, wa miaka tisa iliyopita.

"Nimebadilisha sheria ya jumla," akasema. "Sheria ya jumla ni ya madumu yatakayozaliwa. Yaliyokwisha kuzaliwa kila moja limefungwa kibandiko chake shingoni. Ilitakiwa nipite dumu kwa dumu, nibandue, nibandike. Sikupita."

"Kwa hiyo sauti imefutwa?"

"Imefutwa daftarini."

Tukatazamana. Wote wawili tukakumbuka sentensi ileile: maji bado yamo. Halafu wote wawili tukageukia saa ya ukutani. Saa sita kasoro dakika kumi na mbili. Saa sita kamili programu itatafuta dumu la kumwaga. Haitalia. Ina dumu zuri kabisa, limekomaa, limekwisha muda, namba kumi na tisa.

"Zima seva!" nikasema.

"Nikizima ghafla naweza kuharibu na madumu mengine. Kaa kimya, Nusu. Nalifunga lisiandikwe."

Vidole vile vilishika bomba la moto miaka kumi na tisa, havikuumbiwa vitufe. Viliandika, vikafuta, vikaandika. Programu ikauliza nywila. Akakosea. Ikauliza tena. Jasho jembamba lilikuwa linamshuka nyuma ya sikio. Ikafunguka. Akatoa amri ya kufunga dumu, akabonyeza, akaegemea kiti.

Nikasoma skrini. Nikasoma tena.

"Mzee. Umefunga la kumi na nane."

Sijawahi kumsikia akitukana kabla ya siku ile, na tusi lenyewe lilikuwa la zamani sana, nadhani hata aliyetukanwa nalo mara ya kwanza alishazikwa. Akaanza upya. Saa sita kasoro dakika nne. Kasoro tatu. King'ora kikalia huko uani, gari likatoka, kuta zikatetemeka, naye hakuinua kichwa. Akaandika moja, akaandika tisa, akanisogezea skrini.

"Soma wewe."

"Kumi na tisa."

"Tena."

"Kumi na tisa, mzee, bonyeza!"

Akabonyeza. Mshale wa saa ukafika juu. Programu ikaamka, ikapekua madumu moja baada ya jingine, ikafika kumi na tisa, ikakuta limefungwa, ikapita. Halafu ikalia: nahitaji dumu, sina dumu.

Ungedhani tungepiga vigelegele. Mzee aliinuka akaenda kutazama ile mashine ya kurekodi. Tumbo lake ni dogo. Isipochotwa inajaa, na ikijaa inakuwa bubu, na taa nyekundu inawaka ofisini kwa mkuu. Tangu Jumapili mchana watu walikuwa wameungua sana. Mashine ilisoma tisini na saba kwa mia.

"Barua ya tatu," nikanong'ona. Ilikuwa imebaki miezi minane astaafu.

"Si barua tu. Ikiwa bubu, atakayepiga mchana huu hatakuwa na rekodi. Atakuwa kama Mama Pole, neno lake na neno la mwingine."

"Mwaga dumu la ishirini."

"Lina siku zake bado. Kuna watu mle." Alisema hivyo kana kwamba wamo kweli, wamekaa, wanasubiri. "Simwagi watu waliobakiwa na siku ili kuficha kosa langu."

"Basi tengeneza dumu jipya."

"Diski imejaa."

"Imejaa nini, wakati madumu ni thelathini na mawili tu?"

Akafungua sehemu ya diski ambayo sikuwahi kuiona, na humo kulikuwa na folda moja, kubwa kuliko dumu lolote. Jina lake: HARUSI YA BINTI. TUNZA.

Miaka miwili nyuma mkuu alishuka na diski ndogo mkononi akamwambia, "Niwekee hapa kwa muda, kuna nafasi." Video ya harusi ya bintiye, kamera nne, saa kumi na moja, pamoja na mjomba aliyehutubia mpaka keki ikaota ukungu. Binti alikuwa na nakala zake. Na ndoa yenyewe ilidumu miezi saba.

Tisini na nane kwa mia.

"Mzee," nikasema, "mkuu ndiye atakayekaa katikati ya kamati leo."

"Najua anapokaa."

Alifuta. Hakufumba macho, hakunong'ona dua. Mtu ambaye kwake ana vifuniko visivyo na chupa alifuta harusi ya mkubwa wake kwa kidole kimoja, akatengeneza dumu la thelathini na tatu, akalibandika siku mia na themanini, akanisomesha kibandiko mara mbili. Programu ikanyamaza kulia. Mashine ikaanza kushuka: tisini na sita, tisini na moja, themanini.

Ikabaki kazi ya kulisoma dumu la kumi na tisa kutoka mwanzo hadi mwisho ili daftari likumbuke upya kilichomo. Programu ikasema dakika themanini. Tukahesabu: saa saba na dakika arobaini. Tunawahi. Baada ya nusu saa ikasema bado dakika themanini. Mashine zina uongo wa fundi wa nguo: njoo kesho.

Nilipanda juu mara mbili. Mara ya kwanza Mama Pole alikuwa kwenye benchi la korido, mkoba mapajani, ameushika kwa mikono miwili kama mtu aliye safarini. Sikumwambia kitu. Ningemwambia nini, kwamba yumo nusu ndani nusu nje? Mara ya pili benchi lilikuwa tupu na mlango umefungwa. Saa nane na dakika tano. Kutoka ndani nilisikia sauti ya Spidi, tamu, haina haraka, sauti ya mtu anayejua rekodi haipo, maana dada wa mapokezi alikwishasambaza kwamba chini hakujapatikana kitu.

Saa nane na dakika kumi na tisa daftari likakumbuka. Mzee akazitoa simu nne za alfajiri ile, akazitia kwenye flashi, akasimama.

"Nipe nikimbie nayo," nikasema.

"Hapana. Wataniuliza maswali. Fungua mlango tu."

Ngazi zile zina vidato ishirini na sita. Nilivihesabu kwa sababu alisimama kwenye kila kimoja.

Tuliingia mkuu akiwa ameshika karatasi, anasoma: "...kamati imeona pasipo ushahidi wa kinyume..." Mama Pole alikuwa ameinamisha kichwa.

"Ushahidi huu hapa," akasema Madumu, anahema.

Spidi akaruka. "Mkuu, tumeambiwa haikuwepo! Sasa imetoka wapi? Imepikwa hiyo!"

"Swali zuri," akasema mkuu. "Mzee, ilikuwepo au haikuwepo?"

Hapo angeweza kusema seva ilisumbua. Hakuna mle ndani ambaye angemkatalia, seva zetu husumbua tu. Badala yake akawaeleza. Sheria ya jumla, vibandiko, ukurasa wenye mstari wa penseli, dumu lililofutwa daftarini na likabaki na maji. "Kosa ni langu. Nilimhakikishia huyu mama kitu ambacho sikukikagua. Ingekuwa imepikwa, mkuu, ningekuja saa tatu, si saa nane na nusu, na nisingeanza kwa kujishtaki." Akamwekea katibu wa kamati flashi mezani.

Ikachezwa. Kwanza mlinzi, anapiga kelele. Sauti ya Mama Pole: "Pole. Uko wapi?" Akaambiwa. Sekunde ishirini na tatu jumla, pole ikiwemo. Halafu simu ya ndani kwenda gereji. Ikaita. Ikaita. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikaita.

Sijui kama umewahi kukaa na watu saba mnasikiliza simu isiyopokelewa, mkijua mwisho wake. Mjumbe mmoja alikuwa anapiga kalamu mezani, akaacha. Katika mlio wa tatu wa mara ya tatu Mama Pole, kwenye rekodi, alisikika akisema peke yake, chini chini, "Pokea, baba, pokea." Spidi alikuwa ametoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Mkuu akanyoosha mkono kuzima, katibu akamzuia: "Tusikilize mpaka mwisho, mkuu. Yeye alisikiliza."

Dakika kumi na moja, ndipo gereji ikapokea.

Karatasi aliyokuwa anaisoma mkuu ilichanwa palepale. Spidi alipangiwa kamati yake mwenyewe. Na Madumu aliitwa ofisini kwa mkuu Jumatano, mimi nikamsindikiza mpaka mlangoni, na kwa kuwa mlango ule haufungi vizuri sikuwa na namna ya kutosikia.

"Barua yako nimeshaiandika," mkuu alisema. "Uzembe. Imebaki sahihi." Kisha kwa sauti nyingine: "Hiyo nafasi ya dumu jipya uliipata wapi?"

"Kwenye ile harusi, mkuu."

"Umeifuta?"

"Muda wake wa kutunzwa ulikuwa umekwisha."

Nilisikia kiti kikilia. Nadhani mkuu alikuwa anaitunga ile barua upya kichwani, anatafuta namna ya kuandika "amefuta" bila kuandika "nini." Hakuipata. Barua iko kwenye droo mpaka leo, na diski mpya ilinunuliwa wiki iliyofuata.

Jioni ya Jumatano ileile tulikaa kubandua na kubandika, dumu kwa dumu. Yeye anaandika, mimi nasoma kwa sauti. Tulikuwa tumefika kumi na nane Mama Pole alipoingia. Alisimama mlangoni. Nilidhani amekuja kushukuru.

"Sasa ifute," akasema.

Mzee akageuza kiti. "Nini?"

"Ile sauti. Yule kaka anapiga kelele mle. Na mimi nabembeleza simu. Sitaki ikae humu chini, watu wanakuja wanasikiliza. Imeshafanya kazi yake. Ifute, mzee mwenzangu."

"Siwezi. Ni siku mia na themanini."

"Wewe umefuta harusi!"

"Harusi haikuwa na kibandiko. Hii inacho, na safari hii nakibandika mwenyewe." Akamsogezea kiti, chake, kwa kuwa hakuna kingine. "Imebaki siku themanini na tano. Kaa."

Alikaa. Mzee akasimama na goti lake, akaandika namba akiwa wima, nami nikasoma: kumi na tisa, mia na themanini. Mama Pole akatoa kalamu kwenye mkoba, akajiandikia tarehe kiganjani.

Juzi tarehe hiyo ilifika. Alishuka saa sita kasoro, akasimama nyuma ya mzee, wakatazama pamoja programu ikipekua. Ilipolichukua la kumi na tisa na kuanza kumimina simu za watu wengine, alisema "pole," sijui kwa nani, akapanda kurudi kwenye zamu yake.